Hatua Saba na Nyumba ya Bluu

Vijana wa ofisini mmeniomba niandike namna ya kumtembeza mteja hapa Guangzhou, Uchina, kabla sijarudisha funguo. Nimekubali, ila kwa masharti yangu. Sitaandika nilipanda vipi kazini wala nililipwa nini. Hayo ni ya kwangu na Mungu wangu. Nitaandika siku ya kwanza, aliyenifundisha, na kazi moja ya majoho iliyonitoa jasho. Mwisho nitawaeleza habari za mteja mgumu kuliko wote niliowahi kuwapangia safari. Alitaka wiki moja tu, katika jimbo dogo la pwani huko Marekani, bila kununua kitu chochote. Mteja huyo alikuwa mimi mwenyewe.

Nilifika hapa miaka ishirini na miwili iliyopita nikitokea Singida, mjane mwenye mtoto mmoja wa miaka sita, Tumaini, niliyemwacha kwa mama yangu. Asubuhi ya kwanza nilikwenda Zhanxi, kwenye masoko ya jumla, nimevaa viatu vya kisigino, kwa kuwa niliambiwa nakwenda mjini. Sikumaliza hata uchochoro mmoja. Mkokoteni uliosheheni mabunda ya jinzi ulikuja nyuma yangu, msukumaji anapiga kelele, mimi nashangaa vibao. Mkono ukanikamata ukosi wa gauni, ukanivuta pembeni kama anayeokoa mbuzi barabarani.

"Weye bibi, umekuja kununua ama umekuja kufa?"

Huyo ndiye Bi Mwanaidi, Mzanzibari, mnene, mwenye baibui na kikokotoo kilichoning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Alikuwa ameshafanya kazi ya kutembeza wanunuzi miaka kadhaa. Alinitazama juu hadi chini. "Hapa mkokoteni una haki kuliko mtu," akasema. "Na hivyo viatu kampe adui yako."

Tangu siku hiyo nilimfuata kama mkia. Alinipa vifaa ambavyo nanyi mtavihitaji, hata mkiwa na simu zenye akili kuliko wenye simu: futi ya kitambaa, daftari dogo linaloingia mfukoni, na kalamu ya wino mzito. Andika jina la mteja pande zote sita za bunda, alinifundisha, maana ukiandika upande mmoja, huo ndio utakaolalia chini. Sijawahi kupoteza bunda. Nimepoteza miavuli isiyo na idadi.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa la bei. Tulisimama kwenye duka la magauni ya watoto. Mwenye duka, laobani kama tunavyowaita wote hapa, alitaja bei, nami nikafungua pochi. Bi Mwanaidi akanifinya.

"Bei ya kwanza haikubaliwi hata akikutajia malaika. Taja nusu. Atakwambia haiwezekani. Mshukuru, ondoka, uhesabu hatua saba. Usigeuke. Ukigeuka umekwisha."

Nikataja nusu. Laobani akatikisa kichwa: "Bu xing!" Haiwezekani. Nikamshukuru, nikaondoka. Moja, mbili, tatu. Shingo iliniuma kwa hamu ya kugeuka. Hatua ya sita nikasikia ananiita, tena anakimbia na gauni mkononi. Nilifurahi nusura nimkumbatie. Kwa miaka ishirini na miwili nimezitembea hatua hizo kila siku ya kazi, na zimenilea mimi na mwanangu. Sizidharau. Ila subirini.

Kazi ya majoho ilikuja mwaka wangu wa tano au wa sita. Mchungaji mmoja wa Iringa alikuja kushonesha majoho ya kwaya, akiwa na siku tatu tu. Nikamwomba vipimo. Akanipa karatasi iliyoandikwa na mwenyekiti wa kwaya: "Mnene. Mnene wa wastani. Mrefu lakini ameinama. Mwembamba ila ana mabega." Waimbaji thelathini na wawili, hakuna hata sentimita moja!

"Mchungaji," nikamwambia, "hivi si vipimo. Huu ni umbea."

"Dada yangu, hao watu nawajua," akanijibu. "Nikimwona mtu anayefanana nao nitakuonyesha."

Basi nikampeleka Kangle, kwenye vile vyumba vya kushonea vilivyobanana, ambako ukisimama uchochoroni unasikia vyerehani kwenye nyayo. Nikangoja muda wa chakula, nikawaomba wafanyakazi wasimame milangoni na mabakuli yao. Mchungaji akapita mbele yao kama anayekagua gwaride. "Huyu ni Sista Anna! Huyu ni Mwalimu Kapinga, ila muongezeeni kiuno." Mimi nyuma na futi, napima, naandika, na wale mabinti wanacheka hadi tambi zinawatoka puani. Wa kufanana na waimba besi wanne wanene hawakupatikana pale. Tukawapata kwa mpishi wa tambi wa pale kona, yeye na shemeji zake watatu. Majoho yalikwenda, kwaya ikaimba, na joho moja tu ndilo lililoburuzika. Niliandika mwanzoni mwa daftari langu: kabla ya kumpangia mtu, mtazame mtu. Nililiandika, kisha siku niliyolihitaji nikalisahau.

Nilichojulikana nacho zaidi ni ratiba. Mteja wangu akitua asubuhi, mchana yuko Zhanxi kwa viatu. Kesho yake Kangle kwa vitambaa. Yakifika maonyesho makubwa ya Pazhou, yale ya mara mbili kwa mwaka, nilimgawia hadi dakika za kwenda msalani. Wakaniita Mama Ratiba, nami nikavimba kichwa.

Maonyesho hayo ndiyo yaliyonikosesha mahafali ya Tumaini. Alikuwa amekua, amepata nafasi ya kusomea uuguzi Marekani, jimbo la Rhode Island. Niliwaambia wateja wangu naondoka. Wakaniambia mizigo waliyoagiza Pazhou haijatoka kiwandani. Nilimwona mwanangu amevaa joho kupitia simu, nimesimama ghalani, nimeziba sikio moja. Niliona aibu sana siku ile. Nikamtumia maua.

Mwaka huu goti langu lilikataa ngazi, nikatangaza kustaafu. Wiki hiyohiyo Tumaini akanipigia.

"Shikamoo Mama. Nimepata likizo mwezi wa nane. Wiki nzima! Njoo tukae baharini."

"Tutafanya nini huko?"

"Tutakaa."

"Na baada ya kukaa?"

"Mama!" Akacheka. "Panga wewe, maana ukipangiwa unanung'unika. Mimi nina mambo mawili tu. Usije na mzigo wa mtu. Na tulale kwenye nyumba ya bluu."

Nyumba ya bluu ni nyumba ya wageni katika mji mdogo ukingoni kabisa mwa bahari, ina kibaraza kinachotazama maji. Tumaini aliniambia kwamba tangu mwaka wake wa kwanza kule, kila akipita mbele yake hujiambia: siku Mama akija, tutalala humu. Nililisikia hilo. Naapa nililisikia.

Ndugu zangu, nikaanza kazi. Nilitandaza ramani kwenye meza ileile ya wateja, nikanoa penseli. Rhode Island ni jimbo dogo kuliko yote Marekani. Mkoa wetu wa Singida ungelimeza na bado ungeuliza chakula kiko wapi. Mimi sikujua. Nilitenga siku nzima ya kutoka Providence, mji wao mkuu, hadi pwani, pamoja na chakula cha njiani na muda wa akiba wa pancha.

"Mama, ni saa moja kwa gari," Tumaini akaniambia. "Tena hapo kuna foleni."

Nikafuta, nikapata siku ya ziada, nikaijaza. Saa kumi na mbili kamili, kuamka. Saa moja, ufuko wa kwanza, dakika arobaini. Saa mbili, ufuko wa pili, kulinganisha na wa kwanza. Saa nne, boti ya kwenda Block Island, kisiwa chao kidogo. Saa tisa, supu ya kome, wapishi watatu, kuonja kabla ya kuamua. Siku ya nne niliandika "Kupumzika", nikaiwekea robo saa. Nilimtumia Tumaini picha ya karatasi hiyo. Akanijibu kwa vikaragosi vya kulia kwa kicheko, nami nikadhani amependezwa.

Jirani yangu Laobani Lin, muuza vifungo, tumefanya kazi pamoja tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Aliingia akaikuta ramani.

"Huko kuna kiwanda?"

"Mei you," nikamjibu. Hakuna.

"Kuna maonyesho?"

"Mei you."

"Sasa unakwenda kukagua nini?"

Kesho yake akaniletea kofia mbili za majani makavu, pana kama ungo, moja yangu na moja ya "binti wa kwenye simu". Kwa mazoea nikamuuliza bei. Alininunia siku nzima.

Habari zikaenea. Massawe, yule wakala wa mizigo mnayemjua, alikuja na bahasha nene. "Dada, kwa vile unakwenda Marekani, na begi lako la pili lina nafasi..." Nikaipokea. Kesho yake akaleta nyingine na boksi la chaja. Nikapokea pia. Mtu aliyebeba mizigo ya watu miaka ishirini na miwili hajui kusema hapana. Mikono inanyooka yenyewe.

Ikabaki nyumba ya bluu. Mwenyewe ni bibi mmoja aitwaye Dorothy. Aliniandikia kwa upole kwamba chumba cha kibarazani kiko wazi wiki ile, akataja bei, akaongeza kwamba asubuhi huoka mikate yeye mwenyewe. Bei haikuwa mbaya. Ningeilipa bila kukuna kichwa. Lakini ilikuwa bei ya kwanza! Vidole vyangu viliandika nusu kabla kichwa hakijafika.

Akajibu kwamba samahani, bei ni moja kwa kila mgeni. Nikatabasamu. Huyu anaijua kazi, nikajiambia. Nikamwandikia asante sana, nikafunga kompyuta, nikaondoka. Kwa kuwa kwenye barua pepe hakuna hatua, nikahesabu siku. Siku ya tatu nilisifu kimya chake: laobani mzoefu huyu. Siku ya sita nilikuwa na hakika kesho ataniita. Na siku ya saba aliandika kweli. Alisema amefurahi kuwasiliana nami, chumba kimepata wageni wengine, ananitakia likizo njema popote nitakapokwenda.

Yule bibi aliniamini! Nilisema asante nikaondoka, naye akaelewa nimeondoka.

Nikampigia Tumaini, nikamsimulia kama kichekesho, maana mwenye kosa hutanguliza kicheko. Nikamweleza nusu bei, kimya, hatua saba zilizogeuka siku saba. Nikangoja acheke. Hakucheka.

"Hatua saba," akasema polepole.

"Ndiyo, za Bi Mwanaidi. Sijawahi kukusimulia?"

"Hukuhitaji kunisimulia, Mama. Stendi ya Singida, kila mwaka zikiisha siku zako kumi za Krismasi. Unaniacha na Bibi, unakwenda kupanda basi, na unaanza kuhesabu kabla hujauachia mkono wangu. Moja, mbili. Nilikuwa nakusikia. Na mimi nikawa nahesabu na wewe. Nilifikiri ukifika saba utageuka. Hukugeuka hata mara moja."

"Nilikuwa nalia, mwanangu. Ningegeuka nisingepanda lile basi."

"Sasa naelewa. Lakini wakati ule nilichokijua ni mgongo wako tu." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Naingia zamu, Mama. Tutaongea."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja, nikalia hadi kofia ya Laobani Lin ikalowa. Nje watu walikuwa wakivuta utepe wa kufungia maboksi kama siku zote. Nilijiona mjinga. Niliweza kupata besi wanne kwa mpishi wa tambi, lakini mwanangu mwenyewe sikuwa nimemtazama.

Nikampigia Bi Mwanaidi, ambaye siku hizi yuko kwao Unguja, analea wajukuu na kuwaonea.

"Shikamoo Bi Mwanaidi."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa." Nikamweleza yote, stendi na nyumba ya bluu. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo halijapata kutokea.

"Mimi nilikufunza hatua saba za dukani," akasema mwishowe. "Nani kakwambia uzipeleke stendi?"

Nikasema ni mimi mwenyewe.

"Na huyo bibi wa kizungu kakukosea nini? Mrejee. Mwombe radhi. Geuka, mtoto we!"

"Si ulisema nikigeuka nimekwisha?"

"Basi kwisha! Mtu akifika miaka sitini ana haki ya kwisha kidogo." Akakata simu.

Nikamwandikia Dorothy. Sikuandika kama mfanyabiashara. Nilimwambia kwamba kwetu sokoni anayeondoka hajaondoka, anangoja kuitwa, na kwamba nilimfanyia yeye mchezo huo kimakosa. Nikamweleza habari za binti anayepita mbele ya nyumba yake tangu mwaka wa kwanza, na mama ambaye hakuja kwenye mahafali. Nikamwomba, kama kuna godoro popote chini ya paa lile, hata jikoni karibu na mikate, anipe. Kwa bei yoyote atakayotaja.

Jibu lilikuja kesho yake. Chumba cha kibarazani kimekwenda, alisema, lakini kuna chumba kidogo cha juu kabisa alichokuwa akilala dada yake. Vitanda viwili vyembamba, ngazi inayolia, dirisha moja linaloiona bahari. Kibaraza ni cha wageni wote. Hakipangishi kwa kawaida, ila kwa mama huyu na binti huyu atakitandika. Akataja bei. Kisha akauliza kama goti langu litaweza ngazi, maana hata goti nilikuwa nimemsimulia.

Nilijibu kabla chai haijapoa: nakubali, na goti nitalipandisha hata kwa kutambaa. Ilikuwa mara ya kwanza kukubali bei ya kwanza, tena nikaruka ofisini peke yangu kama mwendawazimu. Laobani Lin akachungulia, akauliza nimeuza nini. Nikamwambia nimenunua. "Umepunguziwa?" Nikamwambia sikupunguziwa hata senti. Akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Mchana huo nilimrudishia Massawe bahasha zake na boksi lake la chaja. Alinuna kidogo, akaniuliza sasa lile begi la pili litabeba nini. Nikamwambia kofia mbili. Afisa wa viza naye, wiki ile, aliniuliza nakwenda kufanya nini huko. Nikasema kukaa. Aliniangalia viatu, kisha akagonga muhuri.

Ikabaki ratiba. Ile ya zamani niliichana, nikachukua karatasi mpya, nikapiga mistari ya siku saba kwa rula, maana uzoefu hauachwi wote siku moja. Nilikaa nayo asubuhi nzima. Siku ya kwanza niliiacha wazi, na ya pili, na ya tatu. Mkono uliwasha kuandika walau "chai". Nikauzuia. Niliziacha wazi hadi ya sita. Siku ya saba nikaandika mstari mmoja, nikapiga picha karatasi, nikamtumia Tumaini.

Funguo ziko kwenye droo ya juu. Futi, kalamu ya wino na daftari nawaachia. Kikokotoo cha Bi Mwanaidi nakwenda nacho, kwa ukumbusho tu. Bei ya kwanza msiikubali, dukani. Hatua saba zitembeeni, dukani.

Tumaini alichelewa kujibu, nikaanza kuogopa. Kisha simu ikalia. Nilimwona amevaa sare za kazi, karatasi yangu ameikuza kwenye kompyuta nyuma yake, zile siku sita tupu na ule mstari mmoja wa mwisho: "Uwanja wa ndege. Mama anaondoka. Mama anageuka."

"Mara ngapi?" akaniuliza.

"Kila hatua, mwanangu."

"Zote saba?"

"Hadi wanifungie mlango."

Akafuta macho kwa kiganja, kisha akacheka kile kicheko chake cha utotoni nilichokuwa nakipata siku kumi kwa mwaka.

"Basi ukigeuka uangalie mikokoteni, Mama."